Bibi Somoe Watatu

Jumatano, 10 Desemba

Nimewafuta watu tisa. Sijamwambia mtu. Si mama, si Mama Koku. Hata kwenye sala ya adhuhuri nilipita hapo mbio mbio. Nakuambia wewe, daftari, kwa sababu huna mdomo. Tunza.

Nimegundua asubuhi. Jana ilikuwa sikukuu ya Uhuru, ofisi ilifungwa. Leo nimefika wa kwanza. Nimefagia, nimechemsha maji ya chai, nimepangusa vumbi jekundu juu ya kompyuta. Kisha nikafungua kumbukumbu ya kifurushi, kama kila siku.

Niandike vizuri ili baadaye nisijidanganye. Ofisi ni ya mradi wa macho, hapa Masasi. Wahudumu wa afya wa vijijini wanaandika wazee wenye mtoto wa jicho. Kila kijiji kinaleta faili lake na kila faili lina sura yake. Mmoja ameanza na jina, mwingine na umri, mwingine ameweka simu kwenye safu ya kijiji. Kifurushi ni mlolongo wa hatua ndani ya kompyuta: chukua mafaili, nyoosha namba za simu, panga safu, unganisha, toa orodha moja, tuma meseji ya kumwita kila mzee siku yake ya upasuaji. Mama Koku ndiye aliyekitengeneza. Ni mtaalamu wa takwimu wa mradi, mwenyeji wa Bukoba. Zamani alikuwa anakaa na kubonyeza hatua moja baada ya nyingine mpaka chai inapoa. Alinifundisha likizo ya Juni. Nilipomaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi uliopita nilirudi kujitolea, nikaandika msimbo wangu mwenyewe, yaani maagizo kwa kompyuta, wa kukiamsha kifurushi saa kumi na moja alfajiri. Kinafanya kazi chenyewe na kinaandika kumbukumbu: kimesoma mistari mingapi, kimeandika mingapi.

Mama Koku alinipigia makofi. Nikavimba kichwa. Nikaongeza kitu ambacho hakuna aliyeniomba.

Kuna wazee walikuwa wameandikwa mara mbili. Walipata meseji mbili wakalalamika. Basi nikaandika: jina likifanana, kijiji kikifanana na simu ikifanana, bakiza mstari wa kwanza, futa inayofuata. Mistari saba tu ya msimbo. Niliiona mizuri.

Leo kumbukumbu ya Jumatatu inasema: Chilangala, imesomwa mistari 41. Imeandikwa 32.

Chilangala ni kijijini kwa bibi yangu, kule juu Newala. Aliyeandika ni Kaka Issa, mhudumu wa afya wa pale. Kaka Issa hawezi kumwandika mzee jina lake kavu kavu. Nani kwetu anaweza? Ameandika Bibi Somoe, Mama Asha, Babu Juma. Kwenye safu ya umri ameandika "mzee sana" kwa wote. Na wazee wengi hawana simu, kwa hiyo ameweka namba yake mwenyewe. Bibi Somoe wako watatu. Mama Asha wako wanne. Babu Juma watatu, Bibi Fatu watatu. Msimbo wangu umeona mtu mmoja, na mmoja, na mmoja, na mmoja.

Mimi nimezaliwa huku. Mimi ndiye niliyepaswa kujua.

Na hili ndilo baya zaidi. Bibi Somoe wa kwanza ni bibi yangu. Wanamwita hivyo kwa ajili yangu, mimi Somoe. Kaka Issa alianzia nyumba ya kwetu, kwa hiyo mstari wake ndio uliobaki. Yeye ameitwa. Wenzake wawili hawajaitwa.

Madaktari wanafika Newala Jumatatu. Wanakaa siku tano, wanaondoka. Watarudi lini, hakuna anayejua.

Nyamaza, daftari.


Alhamisi, 11 Desemba

Nimejaribu kurekebisha kimya kimya. Nimeshindwa.

Nikiiondoa ile mistari saba, watu tisa wanarudi. Lakini watarudi vipi? Simu ya Kaka Issa italia meseji tatu: Bibi Somoe, Bibi Somoe, Bibi Somoe. Ataona ni meseji ile ile imejirudia. Ataifuta. Yaani kosa langu litarudi kwa njia nyingine. Kompyuta peke yake haiwezi kulimaliza. Lazima mtu afungue mdomo, na mtu huyo ni mimi.

Nimebonyeza namba ya Kaka Issa mara mbili. Nimekata kabla haijalia. Sipendi simu. Kwenye simu huwezi kuangalia chini.

Saa saba akapiga yeye. Nilikaribia kuangusha kikombe. Kumbe alikuwa bibi, ameazima simu.

"Somoe! Nimeitwa! Jumanne!"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, marahaba, acha hayo. Nimeitwa. Mwenzangu wa kwenye tangi ananiuliza mbona yeye bado. Nimemwambia, tulia, mashine hiyo anaiendesha mjukuu wangu. Atakuita tu."

Nikasema sawa bibi. Hilo tu. Sawa bibi.

Mwenzake wa kwenye tangi ni Bibi Somoe wa pili. Anakaa peke yake jirani na lile tangi la saruji la kukingia mvua. Mjukuu wake Somoe aliolewa Tunduru. Anateka maji kwa kupapasa kamba. Mwezi wa kumi alikanyaga ukingo, ndoo ikatumbukia, yeye akabaki ameshika kamba anaita watu. Bibi alinisimulia akicheka, lakini mwishoni hakucheka.

Wazo limenijia mchana: bibi yako ameshaitwa, kaa kimya. Sijawahi kuwa na wazo baya kuliko hilo. Lilikaa kama dakika kumi. Nimeliandika ili nilionee aibu.


Ijumaa, 12 Desemba

Mama Koku amerudi kutoka mkutano wa Mtwara. Amekuja na kopo la senene, panzi wa kukaanga, aliotumiwa kutoka kwao. "Kula, mtoto wa korosho. Hivi ndivyo vitu vya kula, si hizo karanga zenu zilizopinda." Nikala watatu. Watamu. Nikajisikia mwizi.

Kisha akasema amenitaja mbele ya wakubwa. Amewaambia ana binti hapa, anaendesha vifurushi usingizini. Anataka wanipeleke kwenye mafunzo mwakani.

Nikaenda chooni nikakaa.

Sikuweza kusema. Mdomo ulikataa kabisa. Basi nikachapisha ule ukurasa wa kumbukumbu, nikapigia mstari 41 na 32, nikauweka juu ya meza yake, nikasimama nikiangalia dirishani. Nje kulikuwa na mbuzi. Nilimhesabu mbuzi yule yule mara nyingi.

Nikasikia anafungua faili la Chilangala. Anashuka, anashuka.

"Somoe. Geuka."

Nikageuka.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Daftari langu tu."

"Daftari halina gari. Kesho tunakwenda Chilangala."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema aliusifu msimbo wangu bila kuusoma, kwa hiyo kosa lina miguu miwili, mmoja wake. Halafu akaniambia jambo. Mwaka wake wa kwanza kazini aliwahi kutuma orodha ya dawa ya wilaya moja kwenda wilaya nyingine. Akaficha mwezi mzima. "Wewe umeficha siku mbili," akasema. "Umenishinda."

Nimelia, lakini kidogo. Namshukuru Mungu kwa ajili ya Mama Koku. Leo sina maneno mengine.


Jumamosi, 13 Desemba

Nimechoka. Niandike yote.

Tumepanda na gari la mradi, Mama Koku akiendesha. Juu Newala kulikuwa na ukungu mpaka saa tatu. Njiani nilikariri maneno. Shikamooni wazee, nimekuja kuomba radhi. Nilikariri kama shairi la mtihani. Nilidhani Mama Koku atanisemea. Tulipofika akazima gari, akasema, "Mimi leo ni dereva."

Kaka Issa alikuwa ameshawakusanya, wote kumi na watatu, barazani kwake, katikati ya magunia ya korosho. Nilimweleza yeye kwanza pembeni. Alishika kichwa. "Sasa mdogo wangu, mimi ningemwandikaje Bibi jina lake? Nianzie wapi? Mama mkwe wangu naye yumo humu!" Ni kweli, ni Mama Asha wa tatu. Sikumlaumu hata kidogo, na yeye hakunilaumu. Nashukuru kwa hilo pia.

Kisha nikasimama mbele yao. Sauti ilitoka kama ya panya. Nikasema mashine niliyoiandika mimi imeona wenye jina moja ni mtu mmoja. Nikasema tisa kati yenu mlifutwa. Nikasema ni mimi, si Kaka Issa, si mradi.

Halafu Babu Juma mmoja, yule mwenye koti, akauliza, "Kwa hiyo Babu Juma wote tumekuwa mmoja?"

"Ndiyo babu."

"Basi na palizi akalime huyo mmoja."

Wakacheka. Nikapumua. Lakini Mama Asha, yule mrefu, hakucheka. "Na Bibi Somoe aliyebaki ni yupi, mjukuu wangu? Si wa kwenu?"

Nikasema ndiyo. Uso ulinichoma kama nimeinamia jiko. Bibi yangu alikuwa amekaa mbele kabisa. Nilidhani atanitetea kwa maneno makali, anayajua. Akasema tu, "Angetaka kunipendelea angekaa hukohuko Masasi. Mtoto amekuja na miguu yake." Mama Asha akamtazama, au akatazama upande wake, maana naye haoni. Akasema, "Haya."

Nikaanza kuuliza majina. Nilianza na bibi ili wengine wasione haya.

"Weee! Umekula ugali wangu tangu huna meno, jina langu hulijui?"

Silijui. Kweli silijui! Miaka kumi na saba. Wote wakacheka mpaka Kaka Issa akakaa chini. Anaitwa Mwanaidi binti Saidi. Alizaliwa siku ya Idi. Nimeliandika herufi kwa herufi.

Mmoja mmoja wakataja. Wengine walinong'ona. Mama mkwe wa Kaka Issa alingoja mpaka Issa aende uani.

Akabaki Bibi Somoe wa kwenye tangi. Ni mdogo wa umbo, amejifunga kanga mbili, anakaa wima kama mlingoti. Bibi aliniambia zamani alikuwa mlezi wa wali, wasichana wanaochezwa; unyago wa kijiji kizima ulipita mikononi mwake.

"Jina langu sitaji," akasema.

Kaka Issa akabembeleza. Mama Koku akashuka kwenye udereva wake akabembeleza.

"Jina hili nilipewa nilipotoka unyagoni. Aliyenipa yuko chini ya udongo. Silitii kwenye mashine iliyonifuta. Kama jicho langu linataka jina, basi jicho likae hivyo hivyo."

Akaomba apelekwe nyumbani. Nilimshika mkono mimi. Mkono mkavu, mwepesi. Mlangoni akasema ahsante mwanangu. Ahsante hiyo naisikia hadi sasa.

Wanane wamerudi. Mmoja amepotea, na ndiye anayeteka maji kwa kupapasa.


Jumapili, 14 Desemba

Nimeamka na jibu. Lilikuwepo muda wote.

Jana kabla hatujaondoka Kaka Issa alinipa daftari lake la makaratasi nilinganishe. Kila mzee ana ukurasa wake na mstari wake. Hakuna wawili kwenye mstari mmoja. Haiwezekani, mstari haubebi wawili. Bibi Somoe wa tangi ni ukurasa wa pili, mstari wa kumi na saba. Hilo si jina. Ni mahali alipokaa.

Kwa nini nilikuwa nawatambua watu kwa majina yao? Kwa sababu mimi nina cheti cha kuzaliwa na jina langu liko juu ya kila karatasi. Nilidhani kila mtu yuko hivyo.

Nikaenda nyumbani kwa Mama Koku saa tatu, na kompyuta mkobani. Alikuwa anafua. Nikamwambia. Akakausha mikono, akasoma msimbo mpya mstari kwa mstari, safari hii wote. Sasa mtu anatambuliwa kwa kijiji, ukurasa na mstari. Jina linabaki kama mwenyewe alivyotaka kuitwa. Na nimeondoa neno futa. Kifurushi kikiona wanaofanana kinawaweka kando kwenye faili lao, ili mtu mwenye macho akae awatazame. Mama Koku aliomba nibadilishe sehemu mbili. Nikabadilisha.

Umeme ukakatika saa nne. Mnara wa simu nao ukazima. Tukakaa. Tukapembua mchele. Saa tisa ukarudi, tukakiendesha.

Chilangala, imesomwa mistari 41. Imeandikwa 41. Imewekwa kando kutazamwa 13.

Sijawahi kuona namba nzuri kama hizo. Mama Koku alisema usinililie juu ya mchele.

Lakini Jumanne ya Chilangala imejaa, ni thelathini na wawili tu. Mama Koku amempigia muuguzi mkuu wa kambi ya upasuaji. Amesema tisa wanaweza kupewa Ijumaa mchana. Akasema: muda ukibaki. Hajaahidi.

Nikampigia Kaka Issa. Mimi mwenyewe! Haikulia hata mara mbili akapokea. Nikamwambia amweleze bibi wa kwenye tangi kwamba mashine haimwombi jina tena. Amesema ataenda sasa hivi.

Baadaye meseji: "Amesema atafikiri."


Jumanne, 16 Desemba

Newala. Ninalala Chilangala kwa bibi wiki hii. Kazi yangu ni kukaa mlangoni mwa wodi na orodha, kuita watu. Kuita kwa sauti! Mchana nilikuwa nimezoea kidogo.

Bibi amefanyiwa. Dakika chache tu. Ametoka na kitambaa cheupe jichoni, anauliza kama kuna chai.

Nashukuru. Lakini furaha ina mwiba. Wale tisa walikuwa kituo cha gari asubuhi wakiwapungia wenzao.


Alhamisi, 18 Desemba

Mvua kubwa. Barabara ya udongo imekatika, wazee wa vijiji viwili wamechelewa, wote wamesogezwa kesho asubuhi. Muuguzi mkuu ameniita pembeni. Amesema Ijumaa mchana usiitegemee sana, dada.

Sijamwambia bibi. Nimemwambia Mama Koku kwa simu. Akasema: wafike tu. Mtu aliyefika humwoni kama namba.

Naomba. Leo nimeomba polepole, bila kupita mbio.


Ijumaa, 19 Desemba

Wameitwa waje saa saba mchana. Wamefika saa moja asubuhi. Wote tisa. Kaka Issa alisema walimgongea kabla ya adhana.

Ndiyo, tisa. Bibi wa kwenye tangi alikuwepo, kanga mbili, wima. Nikamwamkia. Akasema, "Nimeambiwa mashine imetubu."

"Imetubu bibi. Na mwenyewe pia."

Akaguna. Nadhani ilikuwa kicheko.

Asubuhi ilikwenda kwa wale waliochelewa na mvua. Saa saba hakuna kilichoanza. Saa nane wakaanza kuwachukua wetu. Babu Juma mwenye koti aliingia wa kwanza akisema Babu Juma halisi ni huyu. Saa tisa na nusu walikuwa wamepita watano. Madaktari walitakiwa kuondoka saa kumi na moja. Gari lao lilikuwa limeshageuzwa, mizigo imeanza kupakiwa. Sikuweza kula.

Kila nilipomwita bibi wa kwenye tangi alisema, "Watangulie wenye majina." Mara ya kwanza nilidhani anatania. Mara ya tatu nikajua anaogopa. Nikakaa chini karibu naye. Sikusema kitu, mimi kukaa kimya naweza. Naye akanishika kidole kimoja, kidole tu.

Saa kumi na nusu walikuwa wamebaki wawili, yeye na Mama Asha mrefu. Mama Asha akaingia. Saa kumi na dakika hamsini akatoka.

Daktari alitoka mlangoni, amechoka, glavu ameshavua. Akachukua orodha mikononi mwangu. "Huyu wa mwisho ndiye nani? Bibi Somoe. Jina kamili halipo. Huyu si tulimfanyia Jumanne?"

Kosa lile lile. Lilikuwa limetoka kwenye kompyuta likaingia kichwani mwa mtu.

Kaka Issa alikuwa amewapeleka wengine garini. Mama Koku yuko Masasi. Hakukuwa na mtu mwingine wa kusema.

Nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi. Watu wa varanda nzima waligeuka. "Hapana Daktari. Yule ni wa ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza. Huyu ni wa ukurasa wa pili, mstari wa kumi na saba. Ni mtu mwingine. Mimi ndiye niliyemfuta kwa makosa na mimi ndiye niliyemrudisha. Jina lake ni lake, lakini yeye yupo. Huyu hapa."

Daktari akanitazama. Akamtazama bibi. Akatazama saa ya ukutani.

"Kidole gumba anaweza kuweka?"

"Anaweza."

"Niletee glavu," akamwambia muuguzi. "Gari lingoje."

Bibi aliweka kidole gumba. Nikampeleka hadi mlangoni. Kidole changu alikiachia pale pale mlangoni tu.

Madaktari wameondoka saa kumi na moja na nusu. Dereva wao alipiga honi mara moja, akaacha.


Jumamosi, 20 Desemba

Asubuhi tulivu. Muuguzi aliyebaki amepita barazani kwa Kaka Issa akiwafungua vitambaa.

Kifurushi kiliamka saa kumi na moja chenyewe, kule Masasi. Mama Koku ameniandikia: hakijafuta mtu. Amesema bado ananitaka kwenye mafunzo, na ukurasa ule wa 41 na 32 ameubandika ukutani juu ya meza yake. Chini yake ameandika: someni kwanza.

Bibi wa kwenye tangi alifunguliwa wa mwisho. Alikaa amefumba kitambo. Kisha akafumbua. Alitazama mikono yake kwanza, kiganja na mgongo. Akatazama mlango, mwembe wa nje, ndoo ya muuguzi. Halafu mimi.

"Kumbe mwembamba hivi! Na kelele zote zile za jana."

Sikujua niangalie wapi. Nikaangalia chini, nikakumbuka kwamba sasa ananiona nikiangalia chini, nikainua uso.

Akaniita kwa kidole. Nikainama. Akaweka mdomo sikioni mwangu akaniambia jina lake. Mara moja tu. "Sasa namwona ninayempa," akasema. Akaomba chai.

Bibi yangu alikuwa pembeni na kitambaa kimeshatoka, ameona nimeinama tu. Hakuuliza. Alinisogezea kikombe.

Yale ya watu tisa, daftari, sikufungi tena. Sema ukitaka. Chilangala nzima inajua, na jana varanda nzima ya hospitali ilisikia. Nimeshukuru leo mpaka nimekosa wa kumshukuru tena, nikamshukuru mbuzi wa dirishani.

Ila hili moja. Jina ninalo. Sijaliandika hapa na sitaliandika, wala kwenye orodha, wala kwenye kumbukumbu. Kwamba ninalo, hata hilo tu, limebaki kwetu watatu, yeye, mimi na wewe. Tafadhali, usimwambie mtu.